Tazama Viatu vya Aya

Juma lililopita Brenda wa nyumba ya nne alikuja kwangu na karatasi tatu zinazong'aa kama sakafu ya benki. Ana mtoto wa miaka mitano ambaye haongei. Mtoto huyo hupanga vifuniko vya soda mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kitandani, na ukiondoa kimoja, mtaa mzima unajua. "Niaje shosho," akaniambia Brenda, utadhani tulikaa dawati moja. Shosho ni bibi wa Kikuyu, nami ni Mluhya, lakini Eastlands hii kila mwanamke mwenye mvi ni shosho, basi nikaitika. Alitaka nimchagulie shule, kwa kuwa amesikia nilifanya kazi na watoto wa namna hiyo miaka mingi.

Nikavaa miwani, nikazitazama karatasi zake. Kila moja ina mtoto anayecheka, nyasi za kijani na mwalimu aliyechuchumaa. Nikamwuliza choo kiko wapi. Akasema choo hakijapigwa picha. Nikamwambia, basi hujaletewa shule, umeletewa nyasi.

Ndiyo maana naandika. Ninawaandikia kina Brenda, na nyinyi wasichana mnaoanza kazi ya uaya, ya kutunza watoto wa watu, mkifikiri ni kazi ya kungojea nyingine. Nimesoma hadi darasa la nne, na hilo la nne nililirudia. Asiyependa mwandiko wangu arudi kwenye zile nyasi.

Mimi nilikuwa aya wa shule ya watoto waliokataliwa na shule nyingine. Kazi yangu ilikuwa kuosha, kulisha, kubadilisha nguo, kumkamata anayekimbia na kumwondoa ukutani anayegonga kichwa. Mwalimu hufundisha kidogo asubuhi, kisha anaandika ripoti. Muda uliobaki, shule ni aya. Najua walimu hawapendi kusikia hivyo, lakini wao wana vyeti vya kuwafariji.

Siku hizi mna neno, usonji, na mnalitamka vizuri kama mtu anayeagiza chakula hotelini. Miaka ya tisini sisi hatukuwa na neno. Tulikuwa na majirani.

Nilikaa Kaloleni, katika nyumba za baraza la jiji. Marehemu mume wangu alikuwa mtu wa reli. Nyumba hizo zinatazamana, kwa hiyo mtoto akilia upande huu, upande ule unakuja na sababu. Niliishi na binti yangu Ruth, ambaye kwa jina lake mimi ni Mama Ruth hadi leo, pamoja na mtoto wake Nafula. Ruth alifanya kazi kiwanda cha biskuti. Baba yake Nafula alikwenda Kisumu kutafuta kazi, na naona bado anaitafuta.

Nafula alifika miaka mitano hajaitika jina lake hata siku moja. Majirani walisaidia, kama kawaida yao. Mmoja alisema Ruth alikula mayai akiwa mja mzito. Mwingine akasema ni jicho. Mchungaji akasema ni pepo la ububu, akalikemea Jumapili tatu mfululizo. Pepo halikutoka. Iliyotoka ni sauti ya mchungaji, akahubiri wiki mbili kwa kunong'ona, na ibada zikawa nzuri kweli. Daktari naye alitoa dawa ya maji ya kuongeza damu, akasema mtoto atakua. Hilo la kukua alisema kweli. Alikua.

Ruth akaamua kwamba mtoto ni kiziwi. Mtoto asiyeitika na asiyesema, utamwita nini tena? Akampeleka shule ya viziwi. Mwalimu wa huko akasimama nyuma ya Nafula, akagonga sufuria kwa mwiko hadi kuku wakatawanyika. Nafula hakupepesa jicho. Akaandikishwa siku hiyo hiyo, na Ruth akarudi nyumbani akilia kwa furaha kwamba mtoto wake ni kiziwi wa kweli.

Alikaa huko wiki tatu. Kiwanda cha Ruth kilikuwa kikiwauzia wafanyakazi biskuti zilizovunjika, zikiwa zimefungwa kwa karatasi ile inayolia chwachwa. Siku moja Ruth alikwenda kumchukua Nafula mapema. Akiwa bado getini, akaifungua karatasi taratibu mno. Nafula alikuwa mwisho wa uwanja, amempa mgongo. Akageuka, akaja mbio moja kwa moja, akanyoosha mkono. Mwalimu alikuwa ameona yote. Wakamwita Ruth ofisini, wakamweleza kwa huzuni kwamba mtoto wake anasikia. Mimi simjui mtoto mwingine Nairobi nzima aliyefukuzwa shule kwa kosa la kusikia.

Hapo kila mtu aliniuliza swali moja, na nyinyi pia mnalo mdomoni. Mama Ruth, wewe ni aya wa shule ya watoto kama hao. Mbona wako hayuko huko?

Nilikuwa na majibu mengi. Nafasi hakuna. Ni mbali. Watoto wa huko ni wakubwa. Nilijibu vizuri hadi nikaanza kuyaamini mwenyewe.

Shule yenyewe ilikuwa na geti la kijani na maua mpaka mlangoni. Jina lake halina haja. Mwenyewe tulimwita Madamu. Alikuwa na sauti ya asali na macho ya karani. Watoto walikuwa zaidi ya thelathini, sisi aya tulikuwa watatu. Juma langu la kwanza mtoto mmoja alitoka getini, akapatikana Jogoo Road, amesimama katikati akitazama magurudumu yakipita. Madamu akatuambia kwa ile asali yake kwamba aya atakayempoteza mtoto tena atatoka kwa geti hilo hilo.

Sasa mimi ni mtoto wa Bungoma. Nimebeba kuni kichwani tangu nina meno ya utoto. Kuna fundo tunalofungia mzigo wa kuni: ukivuta linakaza, ukivuta zaidi linakaza zaidi, na mtu asiyelijua mwisho wake hutafuta panga. Nikachukua leso zangu, nikawafunga wakimbiaji kiunoni, kila mmoja na kiti chake, kwa fundo hilo. Leso ni laini, haiachi alama. Nililisema hilo mara nyingi sana, kwamba leso haiachi alama.

Shule ikatulia. Madamu alinisifu mbele ya walimu, akasema Mama Ruth ni mtaalamu. Aya wenzangu wakaja kujifunza kwangu. Kukawa na mtoto aliyevuta mpaka akachoka, kisha akawa anatazama tu mkono wake mchana kutwa, na mwalimu akaandika kwamba ameendelea vizuri. Fundo likapata jina, likaitwa fundo la Mama Ruth. Wengine huachia dunia mashamba na nyumba. Mimi niliiachia hilo.

Na kama mnadhani nililiacha shuleni, mnanionea huruma bure. Nyumbani Ruth alitoka alfajiri kwenda kiwandani, mimi nikabaki na Nafula hadi jirani aje kumchukua. Maji tulichota mferejini nje, na foleni ilikuwa ndefu. Nilimfunga Nafula kwa mguu wa kitanda, nikaenda na jerikeni zangu mbili. Ruth hakujua. Alikuwa akiniuliza Nafula hukaaje ninapokwenda maji, nami nilimwambia hukaa tu, hana shida. Mara kadhaa nilirudi nikaikuta leso haiko kiunoni, iko pajani mwake, imekunjwa mara nne, naye ameketi kimya pale pale. Nikasema leo nilifunga vibaya. Mtu akishasifiwa sana haoni hata kilicho mbele ya pua.

Nafula alipotimiza miaka saba, yule jirani aliyemshika mchana akahamia kwao mashambani. Ruth hakuwa na pa kumwacha. Ama Nafula apate shule kabla ya mwezi kuisha, ama Ruth aache kazi ambayo sote tulikula kwayo, ama mtoto apelekwe Bungoma kwa kaka yangu. Kaka yangu ana ng'ombe, ana kisima kisichofunikwa, na hana subira. Ruth hakulala vizuri. Nikimtazama nilijua anakiona kile kisima.

Madamu akasikia. Siku moja akaniita ofisini, akasema kwa kuwa nimekuwa mwaminifu, mjukuu wangu ana nafasi.

Ruth alipiga magoti pale sebuleni, akashukuru. Akanunua kitambaa cha kijani, akashona yunifomu kwa mkono, akapinda upindo mara mbili ili mtoto akue nao. Kanisani walimwombea. Nami niliitika amina. Nilijiambia Nafula nitamfunga mimi mwenyewe, kwa upole. Ndivyo mtu hujiambia.

Ikafika siku ya wageni. Kama hujawahi kufanya kazi shule ya namna hii, hujui siku ya wageni ni nini. Juma zima tunaosha kuta. Choo ambacho ufunguo wake hukaa kwa Madamu kinafunguliwa na kuwekewa sabuni mpya, ambayo jioni inarudi kabatini. Watoto kumi na wawili wanaketishwa kwenye meza ndefu, nguo nyeupe ya meza inashuka hadi sakafuni, na chini ya nguo, leso zangu. Wageni wanaona mikono midogo imetulia juu ya meza. Wanapiga picha. Mmoja lazima alie. Hao ni wageni wa kanisa fulani la ng'ambo, na nyuma yao wazazi wapya waliovaa vizuri kuliko siku ya harusi yao.

Ruth alikuja na Nafula ndani ya ile yunifomu. Nilikuwa nimesimama ukutani na aya wenzangu, mikono mbele, kama tunaimbiwa wimbo wa taifa. Ruth akanisogelea, akaninong'oneza, macho yana maji, "Mama, ona wanavyokaa. Na Nafula atakaa hivi."

Nikamwambia ndiyo.

Madamu akaanza hotuba yake. Alisema shule yake inaongozwa na nidhamu yenye upendo. Wakati huo Nafula akauachia mkono wa mama yake. Hakukimbia. Alitembea hadi mezani, akainua nguo ile nyeupe, akaingia chini, nayo ikashuka nyuma yake. Watu wakatabasamu. Mtoto ni mtoto.

Kidogo, msichana wa kwanza akasimama, akaenda dirishani. Madamu akamkata jicho bila kukata hotuba. Akasimama wa pili. Huyu alikuwa amengoja keki tangu asubuhi, akaenda kwenye keki kama mtu aliyetumwa. Wa tatu akaanza kuzunguka chumba mbio, wa nne akamfuata. Wa tano alipanda mapajani kwa mama mmoja mgeni, akaanza kunusa kofia yake, na mama huyo, namsifu, akaivua akampa. Madamu bado yuko kwenye upendo. Walimu wanakamata, watoto wanaponyoka. Mimi sijasogea. Nilikuwa nahesabu: saba, nane, tisa. Fundo langu, ambalo mtu mzima hulitafutia panga, linafunguliwa moja baada ya jingine kama ganda la ndizi.

Wa kumi na mbili aliposimama, nguo ya meza ikainuka, Nafula akatoka. Amezikumbatia leso zote, na kila moja imekunjwa mara nne. Kichwani mwake leso ni za kukhu, yaani bibi yake, na vitu vya kukhu hurudishwa kwa kukhu. Akapita katikati ya wageni, kamera zinamtazama, akaja mpaka ukutani, akaniwekea mikononi. Ya juu ilikuwa ya manjano, na jina la leso limeandikwa kwa herufi kubwa: UMLEAVYO NDIVYO AKUAVYO. Msijisumbue kucheka. Wageni wenye Kiswahili walishacheka.

Ruth hakucheka. Aliitambua leso, alininunulia yeye. Akainua nguo ya meza, akaona viti vilivyolika rangi pale leso zilipokuwa zikikazwa. Halafu akanigeukia. Nilijua ataniuliza kwa nini nimewafunga watoto wa watu, na hilo nilikuwa na jibu lake tayari: tulikuwa watatu tu, kuna barabara, leso haiachi alama. Hakuniuliza hilo.

"Mama," akasema polepole, "Nafula amejifunzia wapi kulifungua fundo lako la kuni?"

Miaka yote nilikuwa na majibu. Siku hiyo nilikuwa na moja tu.

"Nyumbani."

"Nani alimfunga?"

"Ni mimi."

Akamshika mtoto mkono, akatoka. Madamu akawaeleza wageni kwamba mimi ni aya mpya, nimetoka mashambani juzi, bado nafundishwa. Nilikuwa na miaka sita pale. Jioni hiyo nikatoka kwa geti la kijani kama alivyoahidi, ingawa sikupoteza mtoto hata mmoja. Au niliyempoteza hakuwa kwenye orodha yake.

Ruth hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alikuwa akinipakulia ugali wangu, anaufunika kwa sahani, anauacha mezani, anaingia chumbani. Kuniachia mimi mtoto hakutaka tena, na kiwanda kilikuwa kimempa ruhusa ya siku chache tu, akakosa nazo usingizi. Akaanza kufunga nguo za Nafula ndani ya begi dogo, za kwenda Bungoma. Aliweka, akatoa, akaweka tena.

Nikaona nisipotafuta shule, kile kisima kitatafuta mtoto.

Sasa sikilizeni, wale mnaopenda kuuliza, maana hapa ndipo penye kazi. Watu huchagua shule kwa kupitia getini. Mimi nilijua kila shule inachoficha kwa sababu nilikuwa nalipwa kukificha. Mwizi aliyestaafu ana macho kuliko askari. Nikapita nyuma.

Shule ya kwanza nilitazama kamba ya kuanikia nguo. Ilikuwa katikati ya juma, watoto arobaini, kamba tupu. Watoto arobaini waliokunywa uji na hakuna suruali hata moja iliyofuliwa? Ama ni malaika, ama wanashinda na mkojo. Malaika hawahitaji shule, nikaondoka.

Ya pili nilimwomba mpishi maji ya kunywa. Mpishi ukimwomba maji hukupa na habari. Alikuwa anasonga ugali wa sufuria ndogo. Nikamwuliza watoto wanakula zamu ngapi, akasema wengine wakilishwa hutapika, kwa hiyo siku nyingine hawalishwi. Alisema kama mtu anayesema mvua itanyesha.

Ya tatu nilifika saa nne asubuhi, nikaomba kuwaona watoto. Nikaambiwa wamelala. Wote. Saa nne asubuhi. Watoto wanaolala wote saa nne asubuhi hawajalala, wamelazwa kwa kijiko cha dawa. Huyo mwalimu alinipa karatasi inayong'aa. Nayo ilikuwa na nyasi.

Ya nne sikuwa nimeitafuta. Nilikuwa nimechoka, napita Ziwani kurudi nyumbani, nikaona ua wa shule ya msingi ya kawaida, na pembeni chumba cha mabati kilichokuwa stoo ya madawati. Mlango umeandikwa kwa chaki tu, Darasa Maalum, na mvua imeifuta nusu. Kamba ya nguo ilikuwa imelemewa hadi inagusa majani: vikaptula, magauni, matambara. Nikasimama. Ghafla msichana wa miaka kumi hivi akanipita mbio akipiga makofi, na nyuma yake mwanamke mtu mzima, buibui amelipachika kiunoni, anakimbia. Hamwiti, hamkemei. Anakimbia tu pembeni yake kama mtu na mwenziwe. Wakazunguka uwanja mara tatu. Kisha msichana akaingia darasani mwenyewe, akaketi, akaanza kutunga shanga.

Yule mwanamke akaja kuegemea ukuta karibu nami. Alikuwa Bi Zuhura, mtu wa Pumwani, aya wa pale. Akaniambia nisubiri kwanza pumzi zake zirudi.

"Mbona hamumfungi?" nikamwuliza.

Akanitazama kama nimeuliza kwa nini hamumpiki.

"Nimfunge, halafu ile mbio niipeleke wapi, dada? Ina miguu yake. Akiimaliza nje, ndani anafanya kazi mpaka saa sita. Ukiifunga, inamla."

"Akitoka getini?"

"Tunatoka naye. Juzi tumefika Kariokor, tukaangalia mikoba, tukarudi."

Hapo macho yangu yakashuka miguuni mwake. Amevaa akala, zile ndala za tairi ambazo mafundi wa Kariokor hukata kwa kisu na kupigilia misumari. Mnajua akala. Tairi hilo limebeba lori hadi Uganda na kurudi, likakataa kuisha, ndipo likafanywa kiatu, na kiatu chenyewe mtu hurithishwa. Akala za Bi Zuhura zilikuwa zimeisha. Kisigino kimelika hadi nyuzi zinaonekana, na upande wa kidole gumba pana tundu. Nikamwuliza amezivaa miaka mingapi. Akasema hizo ni za mwaka huu.

Nilikaa kwenye jiwe. Nilifikiria viatu vyangu vya geti la kijani, vile vyeusi. Nilivivaa miaka sita, na soli yake ilikuwa bado ina maandishi.

Nikamwambia yote, leso, fundo, Nafula, kitanda. Sijui kwa nini nilimwambia mtu ambaye sijui hata mlango wake. Bi Zuhura hakunipa pole, wala hakunitukana. Alisema, "Mlete mtoto. Na wewe kama huna kazi, njoo na viatu vya kukimbia."

Jioni nilisema na mlango wa chumba cha Ruth, kwa kuwa mwenyewe hakutoka. Nikaueleza mlango kuhusu kamba, shanga na akala. Asubuhi Ruth alimwacha Nafula kwa jirani mmoja. Alikwenda Ziwani, bila kuniambia, akasimama nje ya dirisha la lile banda kutoka uji wa asubuhi hadi kengele ya mchana. Alivyofanya vizuri, hata mimi sikuwa nimemfundisha. Aliporudi alinisemesha mara ya kwanza tangu siku ya wageni.

"Ataenda. Nawe ukitaka kazi huko, nenda. Lakini leso utaacha nyumbani."

Lile begi la Bungoma likafunguliwa, nguo zikarudi sandukuni. Nami nikaenda Kariokor kununua akala. Fundi akapima mguu wangu, akauliza za kanisani au za shamba. Nikamwambia za kukimbia. Akaniangalia mvi, akasema, "Mama, umri huu unamkimbia nani?" Nikamwambia akate, asiniulize.

Nilimaliza pea tisa kabla ya magoti kunistaafisha. Nilijifunza upya kazi niliyojidai kuijua, kutoka kwa mwanamke aliyenicheka kila nilipobaki nyuma. Alinifundisha kwamba anayegonga kichwa ukutani hatolewi ukutani tu, huwekewa mkono wako katikati hadi atulie, na mkono utauma, na utapona. Kwamba asiyekula uji huenda anaogopa kijiko, basi mpe kikombe. Kwamba ukiingia asubuhi na kitambaa kipya kichwani, watano hawatakujua, na ni kosa lako.

Mtaniuliza Nafula akawa nani. Mnapenda sana mwisho wenye kofia ya chuo. Hakuwa daktari. Alijifunza choo, kufua, kuandika jina lake kwa herufi zinazolala, na kutembea peke yake kutoka Ziwani hadi Kaloleni bila kutazama gari hata moja, lakini magari yalimjua. Ana maneno kama arobaini, na hayapotezi hovyo kama nyinyi. Ruth alibaki kiwandani hadi kiwanda kikachoka kabla yake. Tuliongea tena, mimi naye, kidogo kidogo. Lile swali la fundo hakulirudia. Hakuwa na haja.

Sasa Brenda, nimekwambia uache kuniletea karatasi. Kesho saa nne asubuhi tunakwenda, mimi na wewe, na hatupigi simu kwanza. Utaanza na kamba ya nguo, kisha choo, kisha mpishi. Wakikuzuia getini, utakuwa umeshapata jibu na nauli ya kurudi unayo. Ukimwona hedimasta, msalimie, ana watoto wake nyumbani. Ukimwona aya, tazama chini. Viatu vikiwa vizuri, mshike mtoto wako mkono mje.

Mimi nitavaa akala zangu za mwisho. Nikirudi nitaketi kitandani nimngoje Nafula, maana vidole vyangu vimekauka, hata leso niliyojifunga mwenyewe kiunoni asubuhi, jioni inanishinda. Yeye huja, huinama, hupata ncha bila kutazama, akavuta mara moja. Anaikunja mara nne, ananiwekea pajani. Miaka yote hii anafungua tu. Mimi hajawahi kunifunga.